Kalsiamu ya Saa Tatu na Kumi na Nne

Mimi ndiye Mama Mshipa. Jina hilo sikujipachika, nilipewa na wenzangu, na kwa miaka ishirini na mbili nimetembea nalo kifua mbele. Mtoto mchanga, mzee aliyekauka maji, mtu mnene ambaye hata ukimmulika tochi huoni kitu, wote hao wakishindikana wodi nyingine, simu hulia kwetu, wodi ya mahututi: "Mama Mshipa yupo?" Nami huenda, hujifanya nina kazi nyingi, huugusa mkono wa mgonjwa kidogo, halafu sindano inaingia mara moja. Nilikuwa napenda sana sura za watu wakati huo. Hili nalisema mapema ili mtu asidhani niliteleza kwa bahati mbaya.

Wodi yetu ina vitanda sita na utaratibu mmoja aliouleta Dokta. Kila asubuhi, kabla ya chai, anagawa kadi za kubandika kifuani. Mwenye kadi ya Kifua ndiye atakayekandamiza kifua cha mgonjwa ikiwa moyo utasimama. Mwenye Hewa atakaa kichwani na kushughulika na pumzi. Mwenye Dawa atasukuma dawa. Dokta mwenyewe ni Kiongozi. Na mwenye Saa anasimama miguuni pa kitanda na karatasi na kalamu, anataja dakika kwa sauti, anaandika kila kinachofanyika, na haruhusiwi kumgusa mgonjwa hata kwa kidole.

Asubuhi ile nilipewa Saa.

"Dokta, umekosea kadi," nilimwambia, nikicheka lakini sicheki.

"Sijakosea, Mama. Saa ndiyo akili ya chumba. Sisi wengine tukishainama juu ya mgonjwa hatuoni kitu. Nataka jicho lako leo."

Nikaona ananivika kilemba cha ukoka. Huyu Dokta nilimfundisha mimi kushika sindano, alipokuja na vidole vinavyotetemeka, na leo ananipa kazi ya karani. Kadi ya Dawa, ambayo ndiyo inayoshika mishipa, alimpa Taratibu. Taratibu ni muuguzi wa kiume, wa makamo, mpole, mwenye miaka arobaini na ushee, tuliyempa jina hilo kwa sababu hata lifti ikichelewa yeye ndiye hufurahi. Naye pia nilimfundisha mimi. Nilimfundisha hasa ile kanuni yetu ya dawa: anayesukuma dawa akimaliza anatamka "imekwenda," mwenye Saa anarudia "imekwenda," ndipo anaandika. Pasipo neno hilo hakuna wino. Nimeisema kanuni hiyo mbele ya wanafunzi mara nyingi kuliko nilivyosema jina la mume wangu.

Kwenye kitanda cha nne alilala fundi cherehani mmoja, mtu wa miaka hamsini, ambaye figo zake zilikuwa zimekufa na damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki. Wiki hiyo alikosa zamu mbili kwa ajili ya homa. Mtu wa namna hiyo potasiamu hupanda katika damu, na ikipanda mno moyo unachoka, unayumba, unasimama. Tulikuwa tunasubiri mashine iwe tayari. Saa tatu na dakika nane asubuhi, akiwa anamwomba Taratibu amgeuzie mto, alikata neno katikati na macho yakapinduka.

Kila mtu akaruka kwenye kadi yake. Pandikizi, kijana wetu mwenye mabega ya mlango, alianza kukandamiza kifua. Mtu wa dawa za usingizi, mwenye Hewa, alishika kichwa na kumpulizia oksijeni. Dokta alisimama kando yangu, mikono nyuma, kama Kiongozi anavyotakiwa. Mimi nikaandika: saa tatu na nane, moyo umesimama. Adrenalini, imekwenda, saa tatu na kumi. Mpaka hapo, wallahi, nilikuwa Saa nzuri.

"Hii ni potasiamu," Dokta alisema kwa utulivu. "Taratibu, andaa kalsiamu. Ndiyo itakayoukinga moyo. Ikiwa tayari sukuma."

Taratibu alivunja kichupa, akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akashika mkono wa kulia wa fundi. Mkono ulikuwa umevimba. Ile sindano ya mshipani ilikuwa imetoka, dawa inamwagika ndani ya nyama. Mkono wa kushoto ndio wenye mshipa wa mashine ya kusafisha damu, na huo hauguswi. Akaliweka bomba la kalsiamu kwenye sinia, akachukua sindano mpya, akajaribu juu ya kiganja. Akakosa. Akajaribu tena kwenye kiwiko. Akakosa. Jasho lilimtoka.

Nami nilikuwa nimesimama miguuni. Kifundo cha mguu wa fundi kilikuwa hapo mbele yangu, na upande wa ndani wa kifundo kuna mshipa ambao haunikatai. Niliuona. Mikono iliniwasha. Nilipaswa kusema tu, "Taratibu, jaribu kifundo cha mguu," basi, kazi ya Saa ingekuwa imefanyika na heshima yangu ingebaki mahali pake. Badala yake niliitupa karatasi juu ya shuka, nikamsogeza Taratibu kwa kiwiko, nikapiga goti.

Iliingia mara moja. Sina haja ya kuongopa katika hilo. Pandikizi akasema "Mama Mshipa!" huku akikandamiza, na mtu wa usingizi akacheka kwa ahueni. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote mle ndani. Nikafunga plasta polepole kuliko ilivyohitajika. Nyuma yangu nilisikia Dokta akiagiza adrenalini nyingine, nikasikia Taratibu akisukuma kitu kwenye mpira wa dripu niliokuwa nimeuunga, nikasikia "imekwenda." Kitu gani, sikutazama.

Niliporudi kwenye karatasi, dakika tatu zilikuwa tupu.

"Mama," Dokta aliuliza, macho kwenye mashine ya moyo, "kalsiamu imekwenda?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja, sijui. Mtoto wa darasa la kwanza analiweza. Lakini kusema sijui kungekuwa kusema mbele ya watu wote kwamba Saa iliacha kazi yake ikaenda kutafuta vigelegele. Ulimi ukatangulia.

"Imekwenda," nikasema. "Saa tatu na kumi na nne." Na nikaandika hivyo hivyo kwa wino.

Kuanzia hapo Dokta aliondoa potasiamu kichwani mwake. Kwa nini asiiondoe? Karatasi ilishamwambia dawa imeingia na moyo bado umekataa. Akaanza kutafuta chanzo kingine. Akasikiliza mapafu yote mawili. Akaomba mashine ya picha akautazama moyo, kama kuna maji yaliyouzunguka. Akamwuliza mtu wa usingizi kuhusu damu kuganda. Kila alichokitafuta hakikuwepo, na kila kukitafuta kulikula dakika, na dakika hizo nilizitangaza mimi mwenyewe kwa sauti safi kabisa.

Saa tatu na kumi na saba Taratibu aliliinua bomba kutoka kwenye sinia.

"Dokta, kalsiamu ninayo hapa."

"Hiyo ni ya pili," nilimkata. "Uliandaa mbili."

Akanitazama. Alikuwa ameandaa moja, nami nilikuwa nimesimama pale nikimwona anaandaa moja. Lakini niliisema kwa sauti ile ile niliyomfundishia kazi, na yeye tangu mwanzo aliniamini kuliko anavyojiamini. Nikaona mashaka yanamwingia usoni. Akaangalia bomba, akaangalia karatasi yangu, akalirudisha kwenye sinia. Nami nikajiambia huenda kweli aliandaa mbili. Mtu akishaanza kujidanganya huwa hakosi mashahidi.

Ilikuwa saa tatu na ishirini na moja Dokta alipoinua mkono. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Pandikizi, endelea. Wengine sikilizeni. Kila mtu aniambie alichokiona kwa macho yake, sio anachodhani. Kifupi. Hewa?"

"Kifua kinapanda pande zote mbili. Nimeona."

"Dawa?"

Taratibu akaangalia sinia. "Adrenalini tatu nimesukuma mimi. Kalsiamu... sikumbuki kuisukuma, Dokta. Lakini Dada hapa kaandika."

"Saa?"

Niliangalia karatasi. Mwandiko wangu ni mzuri, watu husema hivyo.

Dokta hakungoja. "Basi tuseme haikwenda. Ikirudiwa mara mbili, madhara ni madogo. Ikikosekana, tunamzika. Sukuma."

"Inakwenda," Taratibu alisema. Kisha: "Imekwenda."

Nikarudia, "Imekwenda," nikaandika. Dakika tatu baadaye mistari kwenye mashine ilianza kupanda na kushuka kwa mpangilio, na Pandikizi alipoondoa mikono, mshipa wa shingo wa fundi ulikuwa unapiga wenyewe.

Watu walipongezana. Mimi walinipongeza zaidi, kwa ajili ya kifundo.

Mchana tulikaa kwenye chumba cha chai, kama tunavyofanya kila baada ya jambo kubwa, ili tujue tulikosea wapi. Dokta hana tabia ya kutafuta mchawi. Aliweka karatasi yangu mezani na kichupa kimoja kitupu juu yake.

"Karatasi inasema kalsiamu mara mbili," alisema. "Kichupa kilichovunjwa ni kimoja. Kwa hiyo ile ya kumi na nne haikuwepo. Simlaumu mtu, nataka tu kujua tuliandikaje kitu ambacho hakikutokea."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilijiambia, nikishameza hili funda nitasema. Nikameza. Nikajiambia, funda lijalo.

"Ni mimi," alisema Taratibu.

Sote tukamgeukia.

"Nimekaa nikifikiri tangu asubuhi. Lazima nilitamka imekwenda kabla sijasukuma. Nilikuwa nimechanganyikiwa na ile mishipa. Dada asingeandika kitu ambacho hakukisikia. Yeye ndiye aliyetufundisha kanuni."

Alisema hivyo bila hila. Hakuwa ananifunikia, wala hakuwa anataka nimshukuru. Alikuwa ameipima kumbukumbu yake na neno langu, akaona kumbukumbu yake ndiyo nyepesi. Ningependa angekuwa ananisingizia, ningekuwa na mahali pa kukasirikia.

"Ndivyo ilivyokuwa, Mama?" Dokta aliniuliza.

"Kulikuwa na kelele," nikasema.

Kelele zilikuwepo kweli. Ndiyo ubaya wa jibu hilo.

Nyumbani jioni nilimkuta wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye anafanya kazi mapokezi ya hospitali yetu na habari hazimpiti. Alikuwa ameshamsimulia kaka yake yote, na chumvi juu.

"Wifi, umewafunika!" alipiga kelele kabla sijavua viatu. "Madaktari wamezunguka kitanda kama kuku waliopotelewa na banda, yeye kapiga goti, chwi! mtu kafufuka. Kaka, mke unaye."

"Muache apumzike," mume wangu alisema, lakini alikuwa anatabasamu kwa fahari, na aliniwekea maji ya kuoga mwenyewe. Nililia bafuni, nikifungua maji kwa nguvu ili wasinisikie. Nilitoka na kumwambia wifi kwamba sifa hizo azipunguze. Akasema huo ndio unyenyekevu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilirefuka siku tano. Siku ya pili Taratibu alimwomba Dokta asimpe tena kadi ya Dawa. Siku ya tatu nilimkuta anasoma lebo ya maji ya dripu mara tatu, midomo ikicheza, kama mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Siku ya nne nilisikia ameulizia nafasi kule kliniki ya macho, ambako moyo wa mtu hausimami. Mkono wake ulikuwa bora kuliko wa wauguzi wote niliowafundisha, nami nilikuwa naukata kwa kunyamaza. Kila asubuhi niliamka nikiwa na sentensi yangu tayari, na kila asubuhi alinisalimia "Shikamoo, Dada" kwa heshima ile ile, na sentensi ikarudi tumboni.

Fundi naye alizinduka. Alifumbua macho, akaomba maji, tukashangilia. Halafu alimwita mkewe kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Mkewe, ili amrejeshe, alimletea futi yake ya kupimia nguo. Fundi aliitazama kwa adabu, akajizungushia kidoleni kama bendeji. Dokta alisema huenda akarudi polepole, huenda asirudi kote. Ubongo ulikosa damu ya kutosha kwa muda.

Siku ya tano, wakati wa kuona wagonjwa, mke wa fundi alinisimamisha kwenye korido. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kupatana bei na wateja.

"Wewe ndiye Mama Mshipa? Yule dada wa mapokezi kanieleza." Akanishika mikono yote miwili. "Mungu akulipe. Nimekuwa nikikutafuta nikushukuru."

Nilitaka kutoa mikono yangu, hakuniachia.

"Naomba uniambie kitu kimoja, wewe uliyekuwepo. Moyo wake ulisimama muda gani?"

"Dakika kumi na sita."

Alitikisa kichwa, akihesabu kimoyomoyo. "Na yule mwenzako mpole, anayetembea kama anaogopa kuamsha mtoto. Alikuja juzi kwangu, akapiga magoti hapa hapa, akasema dawa ilichelewa kwa sababu yake. Dada, nilimwambia maneno ambayo sijapata kumwambia mtu. Nilimwapiza. Nilimwambia mikono yake ikauke."

Korido ilikuwa na watu, wanapita na chupa za maji na mafurushi ya nguo. Nilimwona Taratibu akilini, amepiga magoti kwenye sakafu hii, anaapizwa, anakubali. Nikaona aibu ambayo sikuwahi kuijua.

"Sio yeye," nikasema.

"Nani sio yeye?"

"Hakukosea kitu. Mimi ndiye niliyekuwa naandika. Niliacha kuandika, nikaenda kuchoma ule mshipa unaonishukuru kwa ajili yake. Niliporudi nikaulizwa kama dawa imekwenda, na sikujua, nikasema imekwenda. Yeye aliwaonyesha dawa, mimi nikamnyamazisha. Katika zile dakika kumi na sita, saba ni zangu."

Aliiachia mikono yangu. Hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nazitaka sana hizo kelele. Alinitazama kwa muda, kama anayetafuta mahali pa kuanzia, halafu akakata tamaa ya kuanza.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Stoo."

"Kamwite."

Nilimkuta Taratibu anapanga maboksi ya glavu kwa ukubwa. Nilimwambia mke wa fundi anamwita. Uso ukamsawijika. "Tena?" alisema kwa sauti ndogo, kisha akafuta mikono kwenye suruali na kunifuata, mtu mzima, kama anayekwenda kupokea viboko vilivyobaki.

Alipofika mbele ya yule mama alianza kuinama. Mama akamshika mabega, akamzuia.

"Usiiname, kaka. Nilikuapiza bure. Mwenyewe huyu hapa kaniambia."

Taratibu hakuelewa. Alinigeukia. "Dada?"

"Hukutamka imekwenda kwa kalsiamu," nikamwambia. "Uliandaa bomba moja, hukulisukuma, na hukutamka. Niliandika kutoka kichwani mwangu."

"Kwa hiyo nilikuwa nakumbuka vizuri?" akauliza. "Dada, siku tano sijalala. Nilidhani akili inaniacha."

Niliomba radhi. Nilisema maneno yote yanayosemwa, na kwamba kutoka hapo nakwenda kwa Dokta, na kwamba nitalisema mbele ya wote kwenye chumba kile kile cha chai. Sidhani alisikia. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni, amefunika uso, mabega yanatikisika, na watu wanaopita walikuwa wakimpa pole wakidhani amefiwa.

Mke wa fundi aliketi karibu naye. Aliichukua mikono yake kutoka usoni, mmoja mmoja, akaiweka mapajani mwake, akawa anaifuta kwa upindo wa khanga yake, kiganja na mgongo wa kiganja, kidole kwa kidole.

"Isikauke," alikuwa anasema. "Nisamehe, kaka. Nisamehe mimi. Isikauke."

Mumewe alikuwa nyuma ya ukuta, hamjui, na yule mama ndiye aliyekuwa anaomba msamaha. Nami nilisimama pale mbele yao, na hakuna aliyeniambia niketi wala niondoke.